Chembe nyeupe za damu hazifanyi kazi yake ndani ya damu: namna zinavyotoka mshipani na kufika penye jeraha

Mpima Damu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Jukwaa la afya limejaa picha za majibu ya vipimo. Mtu anaweka karatasi yake, chembe nyeupe 14,000, anauliza ana ugonjwa gani, na wachangiaji karibu wote wanamjibu kwa mtindo mmoja: kinga imepanda, mwili unapambana. Mimi kazi yangu ni maabara, chembe hizi nazitazama kwenye hadubini kila siku, na naona jambo la msingi linarukwa. Zile tunazozihesabu kwenye tone la damu ni zilizokuwa safarini wakati sindano inaingia. Kazi yenyewe hufanyika nje ya mshipa: kwenye ngozi, kwenye nyama, kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, kwenye ukuta wa utumbo. Nutrofili, mojawapo ya aina za chembe nyeupe, ambayo bado inazunguka na damu haijakusaidia chochote kwenye kidole chako kilichochomwa na mwiba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ziko ngapi, tuulize zinatokaje. Mshipa hauna matundu ya wazi. Damu inakwenda, chembe inabebwa. Nani anaiambia ishuke hapa na isishuke pale?

Jibu ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Uamuzi unaanzia kwenye ukuta wa mshipa. Chembe nyeupe inapita mwili mzima ikiwa tayari kwa kazi, lakini ukuta wa mshipa ulio jirani na jeraha ndio unaoipunguza mwendo, unaoishika na kuiachia njia. Ukilielewa hilo, mambo mengi ya hospitali yanayowachanganya watu yananyooka yenyewe. Nitaandika kwa vipande, maswali yaje katikati, nitayajibu.

---

Mpima Damu

Tuchukue huohuo mwiba kwenye kidole.

Ndani ya ngozi kuna chembe za kinga zinazoishi humohumo, hazizunguki na damu. Kuna makrofaji, na kuna seli za masti zilizojaa punje za histamini. Mwiba umeingia na bakteria. Makrofaji zinawatambua na kuanza kutoa saitokini, yaani protini ambazo seli hutumia kupeana ishara, hasa TNF na interleukini-1. Seli za masti zinamwaga histamini. Ateri ndogo za hapo zinatanuka, damu inafika kwa wingi, ngozi inakuwa nyekundu na ya moto. Vena ndogo zinaanza kuvujisha maji na protini, kidole kinavimba. Haya kila mtu huyaona kwa macho.

Kisichoonekana ndicho kizito zaidi. Histamini hiyohiyo inagusa endotheli, yaani zile seli bapa zilizotandikwa upande wa ndani wa mshipa. Ndani ya seli hizo kuna vifuko vidogo ambavyo Ewald Weibel na George Palade walivieleza mwaka 1964 baada ya kuviona kwa hadubini ya elektroni. Humo imehifadhiwa protini iitwayo P-selektini, imeshatengenezwa, inasubiri. Histamini ikifika, vifuko vinapanda hadi juu ya seli na P-selektini inachomoza upande wa damu. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Baada ya saa moja au mbili, kwa msukumo wa TNF na interleukini-1, endotheli inakuwa imetengeneza selektini ya pili, E-selektini, na hapo mlango wa kidole chako unakuwa umeandaliwa kwa saa nyingi zijazo.

Angalieni pia mahali. Haya hayatokei kwenye ateri, na kwa sehemu kubwa ya mwili hayatokei hata kwenye kapilari. Yanatokea kwenye vena ndogo, zile za mwanzo kabisa baada ya kapilari. Hapo msukumo wa damu umepungua, mshipa umepanuka kidogo, na chembe nyekundu hujikusanya katikati ya mkondo zikizisukuma nyeupe pembezoni, karibu na ukuta. Mapafu na ini vina utaratibu wao tofauti, nitavigusa mbele.

---

Kifaru Mpole

Mkuu uzi mzuri, lakini hapo kwenye kunata sijaridhika. Damu inakwenda kwa kasi. Kitu kikinata ghafla kwenye ukuta huku kinasukumwa na mkondo, si kitachanika? Na kwa nini zinanata nyeupe tu, nyekundu ambazo ni nyingi mno zinapita salama?

---

Mpima Damu

Kifaru, umegusa penyewe.

Nianze na nyekundu. Selektini hainasi kila kitu. Inatafuta sukari za mpangilio maalumu zilizopachikwa kwenye protini za juu ya chembe nyeupe. Protini kuu kati ya hizo inaitwa PSGL-1, na nutrofili imeibeba kwenye ncha za vinyweleo vilivyotapakaa juu yake. Chembe nyekundu haina kishikio hicho, kwa hiyo inapita.

Kuhusu kasi: chembe haisimami ghafla. Kifungo kimoja cha selektini na sukari yake ni dhaifu, kinafunga upesi na kuachia upesi. Mfano wa karibu ni mbegu za kishona nguo kwenye vazi la mpita njia, ambazo hushika kwa vindoano vingi vidogo, kila kimoja hafifu. Nutrofili ikigusa ukuta, vifungo vya mbele vinafunga, vya nyuma vinaachia, na mkondo wa damu unaendelea kuisukuma. Matokeo yake inabiringika juu ya ukuta. Katika vena ndogo damu huenda takriban milimita moja kwa sekunde. Nutrofili inayobiringika huenda makumi ya maikrometa (sehemu ya elfu ya milimita) tu kwa sekunde, na wakati mwingine chini ya hapo. Imepungua mwendo mara nyingi sana bila kuchanika.

Na kuna jambo hapa ambalo mimi kila nikilifikiria nalistaajabia. Tungetarajia mkondo ukiongezeka nguvu, vifungo vikatike mapema. Kumbe kwa selektini, mvuto ukiongezeka kidogo, kifungo kinakaza na kudumu zaidi, mpaka kifike kikomo chake ndipo kikatike. Mkondo ukisimama kabisa, kubiringika hakupo. Yaani mfumo huu umejengwa kufanya kazi ndani ya damu inayotembea, na msukumo wa damu ni sehemu ya mtambo wenyewe.

Kubiringika si kushuka bado. Chembe nyingi hubiringika kidogo kisha zikaachia na kwenda zao. Wakati inabiringika inapekua ukuta. Ikikutana na kemokini, yaani protini za kuvuta chembe, mfano interleukini-8 iliyotundikwa juu ya endotheli kutokea kwenye jeraha, ishara inaingia ndani ya chembe na kugeuza protini nyingine za juu yake ziitwazo integrini. Integrini za nutrofili iliyotulia zimejikunja, hazishiki. Zikipata ishara zinanyooka na kufunguka ndani ya sekunde moja hivi au hata pungufu yake, na zinakamata protini ya ukuta iitwayo ICAM-1. Kifungo hiki ni cha nguvu. Chembe inasimama, inajitandaza, inakuwa bapa juu ya ukuta huku damu ikipita juu yake.

Mwaka 1991 Michael Lawrence na Timothy Springer walilionyesha hili waziwazi. Walipitisha nutrofili kwenye mkondo juu ya utando wa bandia. Penye selektini peke yake zilibiringika bila kusimama. Penye ICAM-1 peke yake, mkondo ulizipitisha bila kuzinasa. Penye vyote viwili, na chembe zikiwa zimeamshwa, zilibiringika kisha zikasimama. Springer alikuja kushiriki tuzo ya Lasker mwaka 2022 kwa kazi ya integrini, pamoja na Richard Hynes na Erkki Ruoslahti.

---

Bint Sayari

Kaka Mpima Damu, je kuna watu ambao hizo integrini hazifanyi kazi? Maana kama mlango ni huo, ukigoma inakuwaje?

---

Mpima Damu

Wapo, dada, na ndio waliotufundisha uzito wa jambo hili. Ni ugonjwa wa kurithi, nadra sana. Katika aina yake ya kwanza, jeni ya sehemu moja ya integrini, CD18, ina kasoro. Dalili ya mapema huonekana kwenye kitovu. Kwa kawaida kitovu cha mtoto mchanga hukauka na kudondoka ndani ya wiki moja hadi mbili, na nutrofili zina mchango katika kukiachanisha. Kwa watoto hawa kinaweza kupita wiki tatu au zaidi bado kipo, na mara nyingi kimeshaingiwa na maambukizi. Baadaye wanapata vidonda vya ngozi na fizi vinavyorudi kila mara, na vidonda hivyo havitoi usaha.

Sasa pima damu ya mtoto huyo. Chembe nyeupe zimejaa, wakati wa maambukizi zinaweza kupita hata 100,000 kwa maikrolita moja, wakati mtu mzima wa kawaida ana kati ya 4,000 na 11,000. Damu imejaa nutrofili, na kidonda kina chache mno au hakina kabisa. Haziwezi kushuka. Kwa wenye hali kali tiba iliyozoeleka ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine.

Nikiona mtu anashangilia tarakimu kubwa kwenye karatasi huwa nawakumbuka watoto hawa. Wingi ndani ya damu peke yake hautoshi kumlinda mtu.

---

Mwalimu wa Baiolojia

Nawasalimu wote. Naomba nichangie upande wa historia, maana wanafunzi hudhani haya yamegunduliwa juzi kwa kompyuta.

Augustus Waller, mwaka 1846, aliutandaza ulimi wa chura chini ya hadubini na kuona chembe zikipenya ukuta wa mshipa na kwenda nje yake. Hakupata wafuasi wengi. Wakati huo mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika elimu ya magonjwa alikuwa Rudolf Virchow wa Berlin, na fundisho lake lilikuwa kwamba chembe za usaha huzaliwa palepale kwenye jeraha, kutokana na seli za tishu. Aliyelivunja fundisho hilo ni msaidizi wake mwenyewe, Julius Cohnheim. Mwaka 1867 Cohnheim alieleza alichokiona kwenye utando mwembamba wa tumbo la chura: chembe nyeupe zikijipanga pembeni mwa vena, zikisimama, kisha kidogo kidogo mwili wa chembe ukichomoza upande wa pili wa ukuta mpaka yote ikatoka. Hakuishia kutazama. Alizitia rangi chembe nyeupe zikiwa bado ndani ya damu, akaijeruhi konea ya jicho, sehemu isiyo na mishipa, na baadaye akazikuta chembe zenye rangi yake ndani ya konea hiyo. Hakuna namna zingezaliwa palepale zikiwa na rangi.

Wa tatu ni Élie Metchnikoff. Mwaka 1882 akiwa Messina, Sicily, aliwachoma viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo vinapenyeza mwanga kama kioo, kwa miiba ya waridi. Asubuhi yake alikuta chembe zimeuzunguka mwiba. Ninachopenda kuwaambia wanafunzi ni kwamba kiluwiluwi yule hana mishipa ya damu. Kwa hiyo kutembea kuelekea kwenye jeraha ni kazi ya kale kuliko damu yenyewe. Mshipa ulikuja baadaye, na ndipo likaja tatizo la namna ya kutoka humo. Metchnikoff alipata Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

---

Nahodha

Mwalimu, darasa tosha. Mleta mada endelea, chembe umeiacha imejitandaza ukutani.

---

Mpima Damu

Shukrani Mwalimu, hiyo ya konea sitaiacha tena ninapofundisha vijana wa maabara.

Tuendelee. Nutrofili ikishasimama, mara nyingi haipenyi palepale. Inatambaa juu ya ukuta kwa dakika kadhaa, hata kinyume na mkondo, ikitafuta penye nafasi. Mara nyingi ni kwenye maungio ya seli mbili za endotheli. Njia ya pili, isiyo ya kawaida sana, ni kupita katikati ya seli moja ya endotheli bila kuitoboa ikafa. Endotheli inashirikiana: inanyanyua kingo zake kuizunguka nutrofili, inalegeza maungio, na protini kama PECAM-1, zilizopo pande zote mbili, zinashikana na kuiongoza. Baada ya kupita, maungio yanajifunga nyuma yake.

Kupenya endotheli huchukua dakika chache tu. Kinachokawiza ni utando wa chini uliozunguka mshipa. Huo una sehemu zilizofumwa kwa wepesi kuliko nyingine, na nutrofili hupendelea hizo. Umbo lake linasaidia: kiini chake kimegawanyika vipande vitatu hadi vitano vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, na ganda la kiini ni laini. Ndiyo ile sura tunayoitambua haraka kwenye hadubini. Chembe yenye kiini kikubwa cha mviringo kigumu ingesumbuka mno kupita hapo.

Sasa iko nje. Hakuna tena mkondo wa kuibeba. Inatembea kwa nguvu zake: upande wa mbele inajenga nyuzi za protini ya aktini zinazosukuma utando wake kwenda mbele, upande wa nyuma inajikaza na kujivuta. Mwendo wake ni karibu maikrometa 10 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo, milimita moja ya nyama ni safari ya saa moja na nusu au zaidi.

Inaongozwa na harufu, kwa maana ya kemikali. Inalinganisha wingi wa kemikali upande mmoja wa mwili wake na upande mwingine, na inaweza kuhisi tofauti ndogo sana katika upana wake huo wa maikrometa kumi na kitu. Kemikali za mbali, kama interleukini-8 na LTB4, zinaileta karibu. Ikifika karibu, ishara mbili zinashinda nyingine zote: C5a ya mfumo wa komplementi (protini za damu zinazoisaidia kinga), na vipande vya protini za bakteria vinavyoanza na asidi amino yenye alama ya formili. Bakteria wote huanza kujenga protini zao kwa alama hiyo. Seli zetu hazifanyi hivyo, isipokuwa mitokondria zao, yaani vitengo vya kuzalisha nishati ndani ya seli, ambazo asili yake ni bakteria wa zamani sana. Seli yako ikipasuka kwa kuungua au kukosa damu, vipande vya mitokondria humwagika, na nutrofili zinavifuata vilevile. Mguu uliovunjika bila jeraha la nje unavimba na kujaa nutrofili ingawa hakuna hata bakteria mmoja. Watu humeza antibiotiki kwa uvimbe wa namna hiyo, na haziwezi kufanya lolote.

---

Bint Sayari

Samahani narudi nyuma. Mama yangu alianzishiwa prednisoloni kwa ajili ya viungo, na kipimo cha siku chache baadaye kikaonyesha chembe nyeupe zimepanda. Tukaogopa ana maambukizi. Daktari akasema ni dawa. Nilishindwa kuelewa dawa inayotuliza kinga inapandishaje chembe za kinga.

---

Mpima Damu

Pole na mshtuko, dada, na mpe mama salamu. Swali lako ndilo lililokuwa likinizunguka kichwani nilipoanza kuandika.

Sehemu kubwa ya nutrofili zilizomo ndani ya mishipa, pengine nusu yake, haziko kwenye mkondo. Zimeegemea kuta au zinapita polepole kwenye wengu, ini na mapafu. Kwenye mapafu sababu ni ya kimaumbile: kapilari zake nyingi ni nyembamba kuliko nutrofili yenyewe, kwa hiyo inabidi ijinyooshe ipite taratibu. Sindano ya mkononi haizioni zote hizo.

Prednisoloni na jamii yake zinalegeza ushikaji. Zilizoegemea zinaachia na kurudi kwenye mkondo, uboho unatoa nyingine, na zilizomo zinaishi muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Zaidi ya hapo, zinazotoka kwenda kwenye tishu zinapungua. Karatasi inasoma juu, na kwenye kiungo kinachouma chembe zimepungua, ambalo ndilo lililotakiwa. Ni tukio moja linaonekana kinyume kwa sababu unalitazama ukiwa ndani ya damu. Limfositi na eosinofili, ambazo ni aina nyingine za chembe nyeupe, kwa upande wao hushuka.

Adrenalini hufanya sehemu ya hayo ndani ya dakika chache. Mtu aliyekimbia kupanda ngazi, au mtoto aliyelia sana kabla ya kuchomwa sindano, anaweza kupandisha hesabu bila ugonjwa wowote.

Kwa maambukizi ya kweli mimi hutafuta dalili nyingine kwenye slaidi: nutrofili changa ambazo kiini chake hakijagawanyika, na punje nzito zilizokolea rangi. Uboho ukilazimika kutoa wachanga ujue mahitaji ya huko nje ni makubwa. Hilo humwambia daktari mengi kuliko jumla peke yake. Lakini anayeamua ni daktari aliyemwona mama, anayejua na dalili nyingine.

---

Mfamasia

Niongeze la upande wa dawa, maana kuna zilizotengenezwa makusudi kuziba mlango huu.

Natalizumabu ni kingamwili inayoshika integrini ya alfa-4, ambayo limfositi na monositi huitumia kuvuka mishipa kuingia kwenye ubongo na utumbo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ugonjwa wa skelerosisi nyingi, ambao kinga hushambulia utando wa neva za ubongo. Ilipunguza mashambulizi vizuri mno. Mwaka 2005 ikaondolewa sokoni kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata maambukizi mabaya ya ubongo yanayoletwa na virusi vya JC, virusi ambavyo watu wengi tunavyo vimelala bila madhara. Limfositi zilizokuwa zikipita kuvidhibiti zilikuwa zimefungiwa nje. Mwaka 2006 ikarudishwa kwa masharti makali ya uangalizi.

Somo walilopata watengenezaji ni kulenga mlango mmoja. Vedolizumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2014, inaziba integrini inayotumika zaidi kuingia utumboni, na hutumika kwa wenye inflamesheni (uvimbe unaoletwa na kinga) sugu ya utumbo. Hapa hoja ya mleta mada inaonekana wazi: mishipa ya kila kiungo ina anwani yake, na chembe inashuka pale inapoisoma.

---

Kifaru Mpole

Aisee. Kwa hiyo na mitoki inayovimba ukiwa na kidonda mguuni ni chembe zimeshuka hapo?

---

Mpima Damu

Ndiyo, Kifaru, ila ni chembe za aina nyingine na kwa sababu nyingine. Limfositi hazisubiri jeraha. Kila siku zinatoka kwenye damu kuingia kwenye tezi za limfu kupitia vena maalumu zenye kuta nene, zinakaa humo nusu siku au siku nzima zikitafuta kitu wanachokitambua, zisipokipata zinatoka na limfu na kurudi kwenye damu karibu na shingo. James Gowans wa Oxford ndiye aliyethibitisha mzunguko huo kwa panya kuanzia miaka ya 1950: alipoitoa limfu ya mfereji mkuu nje, limfositi ziliisha polepole, na alipozirudisha kwenye damu, zikatokea tena kwenye limfu.

Kidonda cha mguu kinapeleka vipande vya bakteria kwenye tezi za kinena. Hapo kuingia kunaongezeka na kutoka kunafungwa kwa siku chache. Zilizoingia zimebanwa, zile zilizopata shabaha yake zinajigawa. Mtoki umevimba.

---

Nahodha

Swali langu la mwisho. Zikishamaliza kazi zinarudi kwenye damu? Na usaha ni nini hasa?

---

Mpima Damu

Nutrofili nyingi hufia hukohuko. Zinaishi muda mfupi: kwenye damu ni saa chache hadi siku moja hivi, kwenye jeraha huongezeka kidogo. Uboho wa mtu mzima hutengeneza kiasi cha bilioni 100 kila siku kufidia. Usaha ni nutrofili zilizokufa, bakteria, mabaki ya tishu na maji. Ule ukijani unatokana na kimeng'enya cha nutrofili zenyewe, mieloperoksidesi, kwa hiyo rangi peke yake haikuambii ni bakteria gani.

Saa 24 hadi 48 baada ya jeraha wanaoongoza wanabadilika. Monositi zinafuata njia ileile ya kubiringika na kupenya, zikifika zinageuka makrofaji, na zinameza nutrofili zilizokufa kwa utaratibu kabla hazijapasuka na kumwaga vimeng'enya vyake. Tendo hilo la kumeza ndilo linalogeuza tabia ya makrofaji: zinaacha kuita wengine na kuanza kutoa kemikali za kujenga tishu. Zikishindwa kusafisha, au chanzo kikabaki, inflamesheni inageuka sugu.

Zipo pia nutrofili zinazorudi. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwa viluwiluwi vya samaki-pundamilia, ambao nao wanapenyeza mwanga, nutrofili zikitoka kwenye jeraha na kurejea upande wa mishipa. Baadaye ikaonekana na kwa panya.

---

Bint Sayari

Na wale wanaotumia dawa za saratani, ambao chembe zimeshuka sana? Jirani yetu anaambiwa akipata homa akimbie hospitali hata kama hana kidonda wala kikohozi. Naona kama wanamtisha.

---

Mpima Damu

Hawamtishi, dada. Rudia kichwani yote tuliyoyaandika hapa, halafu ondoa nutrofili. Ukuta wa mshipa unachomoza selektini, kemokini zinatundikwa, na hakuna wa kubiringika. Usaha hautajikusanya. Kwenye picha ya mapafu kivuli cha nimonia kinaweza kuwa hafifu au kisionekane. Koo haliwi na utando, kidonda kinakuwa chekundu kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya dalili tunazozitegemea ni kazi ya nutrofili zilizofika. Bakteria wakati huo wanazaana bila kizuizi, na ndani ya saa chache wanaweza kuwa wameenea kwenye damu.

Kinachobaki ni homa, kwa sababu makrofaji za kwenye tishu bado zipo na bado zinatoa saitokini zinazofika kwenye ubongo. Nutrofili zikiwa chini ya 500 kwa maikrolita, joto la 38.3 likipimwa mara moja, au 38.0 likidumu saa moja, linahesabiwa ni dharura, na antibiotiki ya mshipa huanzishwa bila kusubiri majibu ya maabara. Jirani awe na kipimajoto nyumbani, asimeze dawa ya kushusha homa kabla ya kupima, na akifika mapokezi aseme mapema kwamba yuko kwenye dawa za saratani ili asiwekwe kwenye foleni.